Christiaan Huygens na Saa Mbili Zilizoafikiana

Wanafunzi wa fizikia hulikuta jina la Christiaan Huygens katika sura inayohusu mawimbi ya nuru, wakalikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakaliacha papo hapo. Wanaofuatilia habari za anga walilisikia tena tarehe 14 Januari 2005, chombo kilichopewa jina hilo kilipotua juu ya Titani, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Zohali. Makala haya hayatamfuata sana huko. Yatamfuata zaidi ndani ya chumba kimoja mjini The Hague, mwezi wa Februari 1665, ambako saa mbili zilizotundikwa bega kwa bega zilimwonyesha jambo ambalo hakulitafuta, na ambalo, kama tutakavyoona, halikumfaa hata kidogo. Katika kulichimbua jambo hilo hadi kwenye mzizi wake ndipo tabia ya msomi huyu inapojidhihirisha zaidi.

Huygens alizaliwa The Hague, Uholanzi, tarehe 14 Aprili 1629, mtoto wa pili wa Constantijn Huygens na Suzanna van Baerle. Baba yake alikuwa katibu wa watawala wa ukoo wa Orange, mwanamuziki, na mmoja wa washairi wakubwa wa lugha ya Kiholanzi. (Wanafunzi wa fasihi watafurahi kusikia kwamba katika vitabu vya historia ya fasihi ya Uholanzi baba ndiye mwenye sura yake, na mwana hutajwa kwa sababu ya baba.) Mama alifariki mwaka 1637, Christiaan akiwa na umri wa miaka 8. Watoto walifundishwa nyumbani: Kilatini, muziki, hisabati, adabu za watu wa ikulu. Mwanafalsafa Descartes alikuwa miongoni mwa marafiki wa nyumba hiyo. Kijana Christiaan, pamoja na masomo yote hayo, alipenda kuunda mitambo midogo kwa mikono yake mwenyewe, na upendo huo wa mikono haukumtoka hadi uzeeni.

Mwaka 1645 alipelekwa Chuo Kikuu cha Leiden kusomea sheria, kwani baba alikusudia kumfanya mwanadiplomasia kama yeye. Huko huko alisoma hisabati chini ya Frans van Schooten, na ni dhahiri ni somo lipi lililomteka. Mwaka 1650 mtawala William wa Pili alifariki ghafla, na kwa zaidi ya miaka 20 ukoo wa Orange ukawekwa kando katika uongozi wa nchi. Milango ya vyeo iliyokuwa wazi kwa familia ya Huygens ilifungwa. Christiaan akabaki nyumbani, akitegemea posho ya baba yake, bila cheo wala mwajiri. Huenda hakuna posho ya mzazi iliyowahi kuzaa matunda kuliko hiyo. Mwaka 1655, kwa darubini aliyoitengeneza pamoja na kaka yake Constantijn, aliuona mwezi wa Zohali tuliokwisha kuutaja. Mwaka 1657 kilichapishwa kijitabu chake kuhusu hesabu za michezo ya kamari, ambacho ni msingi mmojawapo wa nadharia ya uwezekano. Mwaka 1659 aliutangazia ulimwengu kwamba yale yaliyoonekana kama masikio ya Zohali yalikuwa pete nyembamba iliyoizunguka sayari bila kuigusa.

Lakini kazi iliyomshika maisha yake yote ilikuwa saa.

Fundi wa ujenzi ana timazi yake, kipande cha chuma kilichofungwa kwenye uzi ili kupima unyoofu wa ukuta. Timazi hiyo ikisukumwa na kuachwa ibembee huku na huku, huwa ni pendulamu. Galileo alikuwa ametambua kwamba pendulamu hutumia muda ule ule, au karibu ule ule, katika kila mwendo wake wa kwenda na kurudi, na muda huo hutegemea urefu wa uzi na si uzito wa kitu kilichofungwa. Alifikiria hata kuitumia katika saa, ila alifariki mwaka 1642 kabla ya kuikamilisha. Saa za wakati huo zilipoteza au kuzidisha takriban dakika 15 kwa siku. Siku ya Krismasi ya mwaka 1656 Huygens alipata njia ya kuiunganisha pendulamu na magurudumu ya meno ya saa, hivi kwamba pendulamu iliyaachilia magurudumu jino moja moja, na magurudumu nayo yakaipa pendulamu msukumo mdogo wa kuizuia isisimame. Mwaka uliofuata fundi Salomon Coster wa The Hague alipewa hakimiliki ya kuziunda. Kosa la saa hizo mpya lilikuwa chini ya dakika moja kwa siku. Tangu binadamu aanze kupima wakati kwa mitambo, hakuna hatua moja iliyokuwa ndefu kama hiyo.

Mtu mwingine angetosheka. Huygens aliona kwamba pendulamu ikibembea kwa upana zaidi huchelewa kidogo, na kwamba Galileo hakuwa amesema kweli kamili. Mwishoni mwa mwaka 1659 aligundua kwa hisabati mkondo ambao pendulamu ingepaswa kuufuata ili muda wake usibadilike kamwe, uwe upana mkubwa au mdogo. Mkondo huo huitwa saikloidi: ni njia inayochorwa na nukta iliyo kwenye ukingo wa gurudumu gari linapokwenda. Aliweka vipande viwili vya chuma vilivyopindwa, kimoja kila upande wa uzi, ili uzi uviegemee na kuifanya pendulamu ifuate mkondo huo.

Kwa nini mtu ashughulike hivyo kwa ajili ya sekunde chache? Jibu liko baharini. Nahodha aliye mbali na nchi kavu anaweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima kimo cha jua au cha nyota. Manahodha wa Bahari Hindi walilifanya hilo kwa kipande cha ubao na uzi wenye mafundo karne nyingi kabla ya Huygens. Longitudo, yaani umbali wa kwenda mashariki au magharibi, ni jambo jingine, kwa sababu anga yote huzunguka na haina alama iliyosimama. Njia moja ya kuipata ni kwa saa. Jua linapofika kileleni, mahali popote duniani ni saa sita ya mchana ya mahali hapo. Iwapo nahodha ana saa iliyowekwa kwa wakati wa bandari aliyotoka, nayo inaonyesha saa nane, basi yuko magharibi ya bandari hiyo kwa saa mbili, yaani digrii 30. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa shule. Tatizo ni saa. Kosa la dakika 4 tu ni digrii nzima, na digrii moja kwenye ikweta ni takriban kilomita 111. Meli nyingi zilivunjikia miambani, na mabaharia wengi walikufa kwa kiu na njaa, kwa sababu ya kutojua walikuwa wapi. Mataifa yaliyotegemea bahari yalikuwa yameahidi fedha nyingi kwa atakayelitatua fumbo hilo.

Huygens aliamini kwamba yeye ndiye angelitatua. Akishirikiana na Mskoti Alexander Bruce, alitayarisha saa za pendulamu fupi zilizowekwa ndani ya makasha marefu, na chini ya kila kasha ziliwekwa risasi za takriban ratili mia moja ili lisimame wima hata meli ikiyumba. Saa zilisafirishwa mbili mbili, ili moja ikisimama au ikihitaji kusafishwa, nyingine iendelee kutunza wakati. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa ndilo lililoleta yote yaliyofuata.

Jaribio kubwa la kwanza lilifanywa katika meli ya Kiingereza iliyoitwa Jersey, chini ya Kapteni Robert Holmes, ambaye mwaka 1664 alikuwa katika pwani ya Afrika Magharibi. Inafaa kusema wazi alikuwa akifanya nini huko, maana vitabu vingi vya historia ya sayansi huipitia habari hiyo haraka. Holmes alitumwa kulinda na kupanua biashara ya kampuni ya kifalme ya Uingereza, iliyokuwa na idhini ya kununua dhahabu na kuuza watumwa, naye aliziteka ngome za Waholanzi kadhaa, ikiwemo ile ya kisiwa cha Gorée. Hivyo basi, saa za Mholanzi zilikuwa ndani ya meli iliyokuwa ikiwapiga Waholanzi, na wakati ambao saa hizo ziliutunza kwa uaminifu ulikuwa pia wakati wa biashara ya kuuza Waafrika. Sayansi ya longitudo haikuzaliwa mahali pasafi.

Holmes aliporejea mapema mwaka 1665 alileta taarifa njema mno. Alisema kwamba baada ya kuondoka kisiwa cha São Tomé na kusafiri mbali magharibi, aligeuka kurudi upande wa Afrika. Maji yakaanza kupungua, na manahodha wa meli nyingine zilizofuatana naye wakataka kuelekea Barbados. Hesabu zao zilitofautiana sana na za kwake. Yeye, akizitegemea saa, alishikilia kwamba kisiwa cha Fogo, katika visiwa vya Cape Verde, kilikuwa karibu; na siku ya pili yake wakakiona. Taarifa hiyo ilichapishwa katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Royal Society ya London, Machi 1665. Huygens alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba tuzo ilikuwa mkononi mwake.

Ni katika majuma hayo hayo ya furaha ndipo alipougua. Hayakuwa maradhi makubwa, lakini yalimlazimu kukaa chumbani siku kadhaa. Mbele yake zilitundikwa saa mbili mpya za aina ile ile ya baharini, umbali wa futi moja au mbili kati yake. Mtu mgonjwa hana la kufanya ila kutazama kilicho mbele yake. Huygens alitazama, akaona kwamba pendulamu hizo mbili zilikuwa zikienda sanjari kabisa. Si kwamba zilifuatana upande mmoja. Moja ilipokwenda kulia nyingine ilikwenda kushoto, zikakutana na kuachana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa kupokezana, isipokuwa hapa milio ya saa zote mbili ilisikika kwa pigo moja. Alizivuruga kusudi, kila moja iende kivyake. Katika muda wa nusu saa zilikuwa zimerudia mwendo wao wa awali. Aliziacha kwa siku nne au tano, na hazikutofautiana hata kidogo.

Hilo lilikuwa jambo lisilowezekana. Hakuna saa mbili zilizotengenezwa kwa mikono ya binadamu zinazolingana hivyo. Lazima kulikuwa na kitu kilichopita kati yake. Huygens alilipa jambo hilo jina la Kigiriki lenye maana ya kuhisi pamoja, neno ambalo waganga na wanafalsafa wa karne ile walilitumia kwa mambo mengi ya ajabu. Walieleza kwa neno hilo jinsi uzi mmoja wa ala ya muziki unavyotetemeka bila kuguswa mwenzake anapopigwa, na wengine walidai kwa neno hilo hilo kwamba jeraha linaweza kupona kwa kuupaka dawa upanga uliolitia. Kwa Kiswahili tunaweza kuyaita maafikiano. Baadhi ya wasomi wa zama zake wangeliishia hapo, kwa kuwa jina lilitosha kuwa maelezo.

Kwa Huygens jina halikutosha. Dhana yake ya kwanza ilikuwa hewa: pengine kila pendulamu iliipepea nyingine. Akaikinga hewa isipite, na maafikiano yakaendelea. Akazitenganisha saa, moja huku na nyingine umbali wa futi 15. Kufikia siku ya pili zilikuwa zimeachana kwa sekunde 5. Akazirudisha karibu, zikaafikiana tena. Basi ukaribu ulikuwa na kazi, na hewa haikuwa na kazi. Ndipo alipochukua viti viwili vya kawaida, akalaza boriti juu yake, akazitundika saa kwenye boriti hizo pamoja na makasha yake mazito. Alipozivuruga pendulamu, viti vilianza kutetemeka. Viliendelea kutetemeka mpaka pendulamu zilipofikia mwendo wao wa kukabiliana, kisha vikatulia tuli. Hapo akawa amelipata jibu. Mjumbe aliyepita kati ya saa hizo mbili alikuwa boriti yenyewe, na mwendo wake ulikuwa mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Tulifafanue kwa lugha ya leo. Kila pendulamu inapobembea huivuta boriti upande mmoja, kisha upande wa pili, kwa nguvu ndogo sana. Ikiwa pendulamu zote mbili zinakwenda upande mmoja kwa pamoja, nguvu hizo hujumlika. Boriti husogea, nayo inaposogea hula nishati kwa msuguano. Mwendo wa namna hiyo hujidhoofisha wenyewe. Ikiwa pendulamu zinakabiliana, moja ikivuta kulia nyingine huvuta kushoto kwa nguvu ile ile, boriti haisogei, na hakuna kinachopotea. Mwendo huo ndio unaosalia. Saa haziamui kuafikiana. Ni kwamba kila mwendo mwingine hugharimu, na huu peke yake haugharimu. Ni lazima, hata hivyo, saa ziwe zinakaribiana mno tangu mwanzo. Saa inayochelewa dakika nyingi kwa siku haiwezi kuvutwa na mwenzake.

Mwaka 2002 watafiti wa taasisi ya teknolojia ya Georgia, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kulirudia jaribio hilo kwa saa zilizofungwa kwenye ubao mmoja unaoteleza. Walithibitisha kwamba Huygens alisema kweli, lakini waligundua pia kwamba alibahatika. Ubao ukiwa mzito kupita kiasi ukilinganisha na pendulamu, saa hazijuani na kila moja huenda zake. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, moja huivuruga nyingine hadi ikasimama. Maafikiano hupatikana katika uwiano wa katikati, na risasi zile za ratili mia, zilizowekwa kwa ajili ya mawimbi ya bahari, ndizo zilizoufikisha uwiano huo katika chumba kisichokuwa na wimbi lolote.

Turudi The Hague. Huygens alikuwa amekwisha kumwandikia baba yake, aliyekuwa Ufaransa, na pia Royal Society ya London, ambayo alikuwa mwanachama wake tangu mwaka 1663. Mwanzoni aliliona jambo hilo kuwa hoja ya kuzisifu saa zake, kwa maana saa mbili zinazosahihishana ni bora kuliko moja. London walilisoma vingine. Baadhi ya wanachama walihoji kwamba ikiwa mtikisiko mdogo usioonekana unatosha kubadilisha mwendo wa saa hizi, je, itakuwaje ndani ya meli inayorushwa na mawimbi? Hoja hiyo haikuwa na jibu. Zaidi ya hayo, Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliombwa achunguze taarifa ya Holmes, na msimamizi wa urambazaji wa Jersey akaeleza kwamba saa zile zilikuwa zikitofautiana kwa dakika kadhaa, na hesabu za kawaida za mabaharia hazikuwa mbaya kuliko zake. Kapteni, inaelekea, alikuwa ametia chumvi. Na mwezi huo huo wa Machi nchi mbili hizi zikaingia vitani, vita ambavyo uvamizi wa Holmes katika pwani ya Afrika ulikuwa umechangia kuviwasha.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hapa ndipo penye uzito wa maisha ya Huygens. Angeweza kuliacha jambo la maafikiano liwe ajabu ya kusimulia wageni. Badala yake alilichunguza hadi likawa ushahidi dhidi ya chombo alichokuwa akikitafutia tuzo, na mwaka 1673, katika kitabu chake kikubwa cha Kilatini kuhusu saa ya pendulamu, alilieleza waziwazi pamoja na sababu yake, ili kila mtu alisome.

Kitabu hicho kilichapishwa Paris, ambako alikuwa amehamia mwaka 1666 kwa mwaliko wa serikali ya Louis wa Kumi na Nne, akawa nguzo ya Akademia mpya ya Sayansi. Aliishi huko kwa takriban miaka 15, pamoja na vipindi vya kurudi kwao kuuguza mwili na moyo, maana alikuwa na maradhi ya mara kwa mara yaliyoandamana na huzuni nzito. Kijana wa Kijerumani, Leibniz, alipofika Paris mwaka 1672, Huygens ndiye aliyemwongoza katika hisabati. Mwaka huo huo majeshi ya Louis yaliivamia Uholanzi, baba yake na kaka yake wakiwa katika utumishi wa mtawala wa Orange aliyeongoza ulinzi wa nchi. Christiaan alibaki Paris, na kile kitabu cha mwaka 1673 akamtunukia mfalme aliyekuwa akiiteketeza nchi yake. Wapo waliomlaumu, na si rahisi kumtetea.

Mwaka 1675 aliachana na pendulamu kwa muda, akaunda saa iliyotawaliwa na kamani ndogo iliyojikunja kama konokono, aina iliyotumika katika saa za mfukoni na za mkononi kwa karne tatu zilizofuata. Robert Hooke wa London alidai kwa hasira kwamba wazo hilo lilikuwa lake. Ugomvi huo tuuache. Mwaka 1681 maradhi yalimrudisha The Hague, na kwa kuwa mlezi wake Colbert alifariki mwaka 1683, na Waprotestanti wakaondolewa haki zao Ufaransa mwaka 1685, hakurudi tena Paris.

Bahari haikumtoka moyoni. Mwaka 1686 Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki ilikubali kuzijaribu saa zake katika meli ya Alcmaer iliyokwenda Rasi ya Tumaini Jema. Katika safari ya kurudi, mwaka 1687, vipimo vya saa vilionyesha njia ambayo ingeipitisha meli juu ya nchi kavu ya Ireland na Uskoti. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angezitupa. Huygens alikumbuka kwamba mwaka 1672 Jean Richer aliona pendulamu ikichelewa karibu na ikweta, huko Cayenne, kwa takriban dakika mbili na nusu kwa siku. Akakokotoa kwamba mzunguko wa dunia huipunguza nguvu inayovuta vitu chini, hasa kwenye ikweta. Akazisahihisha hesabu za safari, na njia ya meli ikarudi baharini ilikostahili. Jaribio la pili, lililofanywa kati ya mwaka 1690 na 1692, lilileta matokeo mabaya. Fumbo la longitudo lilimshinda. Saa iliyolitegua ilitengenezwa na fundi seremala Mwingereza, John Harrison, ikajaribiwa baharini mwaka 1761, nayo haikuwa na pendulamu.

Mwaka 1687 kitabu kikuu cha Newton kilitoka, na miaka miwili baadaye Huygens alikwenda Uingereza akakutana naye. Alimheshimu sana, alikubali kwamba nguvu ya jua juu ya sayari hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Alichokataa ni kwamba vitu viwili vinaweza kuvutana bila chochote kati yake. Katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1690 pamoja na kitabu chake kuhusu nuru, alieleza uzito wa vitu kwa mwendo wa chembe nyembamba zinazozunguka dunia. Tunacheka leo, lakini mtu aliyewahi kuambiwa kwamba saa mbili zinahisiana, akatafuta, akaikuta boriti, angewezaje kuridhika aambiwe kwamba jua na dunia vinahisiana? Tabia ya akili iliyompa ushindi mwaka 1665 ndiyo iliyomzuia mwaka 1690. Katika nuru ilimfaa, kwani alisisitiza kwamba nuru ni mawimbi yanayopita ndani ya kitu fulani. Mawimbi yalibaki, hicho kitu fulani kikatoweka katika fizikia ya karne ya 20.

Alikuwa hajaoa. Baba yake alifariki mwaka 1687 akiwa na umri wa miaka 90, na Christiaan akahamia Hofwijck, nyumba ya familia iliyozungukwa na maji nje ya The Hague. Huko aliandika kitabu cha mwisho, juu ya uwezekano wa kuwepo viumbe katika sayari nyingine, kilichochapishwa mwaka 1698 baada ya kifo chake. Alifariki The Hague tarehe 8 Julai 1695, akazikwa katika kanisa kuu la mji huo. Karatasi zake aliziusia Chuo Kikuu cha Leiden. Zilichapishwa katika juzuu 22 kuanzia mwaka 1888 hadi 1950, na miongoni mwake umo mchoro alioufanya kwa mkono wake mwaka 1665: boriti, makasha mawili marefu yaliyoning'inia, na viti viwili vya nyumbani vilivyoyabeba.